Je, Mashini Yaweza Kuwa Shahidi?

Ndugu msomaji, katika milango ambayo wanavyuoni wa sharia waliitilia mkazo mkubwa ni mlango wa ushahidi. Waliweka masharti ya nani akubaliwe na nani akataliwe. Walitaka shahidi awe mwadilifu, awe amelishuhudia jambo mwenyewe, na asiwe mtu anayejivutia nafuu kwa ushahidi wake. Walifanya hivyo kwa kuwa waliijua hatari yake: kwa neno la shahidi mtu hutolewa katika mali yake, huvunjiwa heshima yake, na hutiwa gerezani. Leo limezuka swali ambalo vitabu vyetu vya zamani havikulitaja kwa jina lake, lakini misingi yake imo ndani yao. Kompyuta ikisema kwamba fulani ameiba, je, kauli hiyo ni ushahidi?

Swali hili si la kubuni. Limetokea Uingereza, na limekula nyumba za watu na roho za watu.

Katika nchi ile ofisi nyingi ndogo za posta huendeshwa na mawakala. Mtu ana duka lake la kijijini, na ndani ya duka ana dirisha la posta. Huuza stampu, hulipa wazee pensheni, na hupokea amana za watu. Kuanzia mwaka 1999 Posta iliwawekea mawakala hao mtambo wa hesabu wa kompyuta uitwao Horizon, uliotengenezwa na kampuni ya ICL, ambayo ilikuwa mali ya Fujitsu ya Japani. Mwenye kuandika hesabu kwa mkono wake, akiona upungufu, huweza kurudi nyuma katika daftari mstari baada ya mstari mpaka alione kosa. Lakini hesabu ilipoingia mtamboni, wakala alibaki akitazama jumla tu. Njia ya kuifikia jumla hiyo hakuweza kuiona.

Haukupita muda mawakala wakaanza kukuta upungufu wasioujua ulikotoka. Posta iliufasiri mkataba wao kwamba hasara ni juu yao, basi walipe. Wako waliolipa kwa akiba zao, wako waliokopa kwa jamaa zao, na wako waliouza nyumba. Walioshindwa wengi wao walishitakiwa kwa wizi au kwa kughushi hesabu. Kati ya mwaka 1999 na 2015 watu zaidi ya 900 walitiwa hatiani, na kiasi cha 700 kati yao walishitakiwa na Posta yenyewe, kwani sheria ya huko yairuhusu. Mdai ndiye aliyekuwa mpelelezi, na mpelelezi ndiye aliyekuwa mshitaki. Tena wengi waliouliza waliambiwa kwamba ni wao peke yao wenye taabu hiyo, na wenzao wote hawana neno na mtambo.

Na mtambo ulikuwa na kasoro. Mwaka 2015, katika kijiji cha Dalmellington huko Scotland, wakala alikuwa akiingiza katika hesabu pauni 8,000. Kioo kikaganda, akabonyeza tena na tena; mtambo ukaziandika pesa zile mara nne. Hapo ikaonekana upungufu wa pauni 24,000, nazo hazikuwako katika dunia hii ila ndani ya mtambo. Mafundi wa kampuni walikuwa na orodha ya makosa waliyoyajua. Zaidi ya hayo, waliweza kuingia katika hesabu za wakala kutoka mbali na kuzibadilisha bila yeye kuwa na habari. Jambo hilo Posta ililikana kwa miaka mingi.

Mmoja wa mawakala, Alan Bates wa Llandudno katika Wales, alikataa kukiri deni asilolijua, na mwaka 2003 akavunjiwa mkataba. Akawakusanya wenzake mmoja mmoja mpaka wakafika 555, wakaishitaki Posta. Mwezi wa Disemba 2019 mahakama kuu ilitamka kwamba mtambo ule ulikuwa na kasoro zilizoweza kuleta upungufu wa uongo, na zililuleta kweli. Tarehe 23 Aprili 2021 watu 39 walifutiwa hukumu kwa siku moja, na mwezi wa Mei 2024 Bunge likapitisha sheria ya kuwasafisha mamia ya wengine kwa pamoja. Lakini tume ya uchunguzi ilieleza katika ripoti yake ya Julai 2025 kwamba watu wasiopungua 13 huenda walijiua kwa dhiki hii. Hao, sheria ya Bunge haiwarudishi.

Sasa turudi kwenye swali letu. Kosa la kwanza halikuwa la mtambo. Kila kilichotengenezwa na mwanadamu hukosea. Kosa lilikuwa la waliougeuza mtambo kuwa shahidi asiyeulizwa. Kanuni ya wanavyuoni ni kwamba asili ya mtu ni kutokuwa na deni; na yakini haiondolewi kwa shaka. Mwenye kudai ndiye atakiwaye kuleta hoja. Na huko Uingereza ilikuwapo sheria ya mwaka 1984 iliyotaka mwenye kuleta ushahidi wa kompyuta athibitishe kwanza kuwa ilikuwa ikifanya kazi sawasawa. Sheria hiyo ikafutwa, na kuanzia mwaka 2000 mahakama zikawa zachukulia kwamba kompyuta ni nzima mpaka mtu athibitishe kuwa ni mbovu. Tazama mambo yalivyopinduka! Mwanadamu alikuwa akihesabiwa kuwa safi mpaka ithibitike hatia yake. Sasa mashini ndiyo iliyohesabiwa safi, na mwanadamu akatakiwa aonyeshe ubovu wa kitu kilichofungwa, ambacho ufunguo wake uko kwa yule anayemdai.

Huenda mtu akasema: "Mashini haina tamaa, haina chuki, haipokei rushwa, wala haisahau. Basi ni bora kuliko shahidi mwanadamu." Maneno haya yana ukweli ndani yake, nasi hatuyakanushi. Katika kujumlisha na kutoa, mashini hututangulia mbali. Lakini mwenye kusema hivyo amesahau jambo moja: mashini haikuona chochote. Yenyewe hupokea kilichoingizwa, hukipitisha katika amri ilizoandikiwa na watu, na hutoa jawabu. Haina tamaa, lakini aliyeiuza anayo, na aliyeinunua anayo. Wote wawili wangepata hasara kama ingejulikana kuwa ni mbovu.

Kwa hiyo, kwa maoni yetu, mashini haifanani na shahidi. Inafanana zaidi na mpokezi wa habari. Nasi tunajua jinsi wataalamu wa hadithi walivyozishughulikia habari. Hawakutazama maneno peke yake. Walitazama na mnyororo wa waliopokezana: nani kamsikia nani, walikutana wapi, na hifadhi ya kila mmoja ilikuwaje. Akipatikana katikati mtu asiyejulikana, habari hudhoofika hata kama maneno yake ni mazuri. Basi baina ya kidole cha wakala na karatasi iliyosomwa mbele ya hakimu mna mnyororo mrefu: kibodi, programu, waya, kompyuta ya makao makuu, na fundi mwenye uwezo wa kuingia. Katika habari ya Horizon, huyo fundi alikuwa ndiye mtu asiyejulikana. Hakimu hakuambiwa kuwa yumo. Habari ya namna hiyo yatosha kuanzisha uchunguzi. Kumfunga mtu haitoshi.

Kutokana na haya, twaona wajibu uko juu ya watu wa namna tatu.

Wa kwanza ni mafundi na watafiti watengenezao mitambo hii. Elimu yao ni amana. Akilijua kosa akanyamaza, na huku anaona mtu anapelekwa jela kwa kosa hilo, basi ameficha ushahidi, na kuficha ushahidi ni dhambi kubwa. Naye ajenge mtambo ambao aliyeandikiwa deni aweza kuona deni lilivyofanyika.

Wa pili ni wenye mitambo, wawe serikali au makampuni. Katika masoko ya Kiislamu ya zamani alikuwapo muhtasibu apitaye kukagua mizani na vipimo, naye hakuwa mwenye duka. Mizani ya leo ni kompyuta, nayo yataka mkaguzi asiyekula mshahara wa muuzaji wala wa mnunuzi.

Wa tatu ni wenye kuhukumu. Na hapa msomaji usidhani asemwa kadhi na hakimu tu. Leo hata kwetu pwani hesabu za duka, umeme wa nyumbani na pesa za kutumiana hupita katika mitambo. Mwenye duka akikuta simu haiafikiani na pesa zilizomo sandukuni, humtazama kwanza kijana aliyemweka kaunta, au mtoto wa jamaa aliyeletwa kufanya kazi, kwa sababu hao hawana wa kuwasemea. Asimwite mwizi kwa neno la kioo. Amuulize, amsikilize, arejee karatasi, atake maelezo kwa wenye mtambo. Wazee walisema: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Mashini tuitumie, kwani ina manufaa mengi. Lakini tusiipe daraja ambayo hatukumpa hata mwanachuoni, ya kuwa neno lake halirudishwi. Siku ya hesabu haitaulizwa mashini kwa nini fulani alifungwa bure. Tutaulizwa sisi tulioiamini tukaacha kumsikiliza. Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa waadilifu katika hukumu zetu, kubwa na ndogo. Amin.