Mwenyeji wa Mahali Pasipo Mwenyewe

Kukaribisha, kwa ada ya pwani tuliyolelewa nayo, ni fadhila yenye mlango: yuko mwenye nyumba ndani, yuko mgeni nje, na kati yao iko hodi inayopigwa na kuitikiwa, ambayo ikikosekana hata ndugu wa damu huhesabiwa kuwa amekosa adabu. Swali linalostahili kufikiriwa ni hili: mahali pasipo mlango, ambapo kila mtu ana haki ya kuingia na hapana hata mmoja mwenye haki ya kumfukuza mwenziwe, ni nani awezaye kukaribisha?

Swali hilo aliliuliza, kwa maneno machache kuliko yangu, mkwe wangu mwanamke, mzaliwa wa Unguja, tulipokwenda pamoja na ahali yote katika kiwanja cha skeitibodi cha mtaani, Acocks Green, kusini-mashariki mwa Birmingham. Mtaa huu, uliokuwa makazi ya mashambani hata reli ilipofika mwaka 1852, leo ni maskani ya watu wa asili nyingi, wa Ireland, wa Pakistani, wa visiwa vya Karibi na wa kwetu. Alipowaona vijana wakiteremka miinuko ya zege juu ya mbao zao za magurudumu manne, alikaza buibui lake akasema, "Mwanangu, mwenye pahala hapa nani, tumpigie hodi?" Nami kabla sijajibu, barobaro mmoja alimwonyesha binti yetu mdogo nafasi yake katika zamu; na mtoto alipojaribu, akaanguka, akainuka, wote waliokuwa wakingoja waligonga mbao zao chini, ambayo ndiyo desturi yao ya kumpongeza mtu.

Mwanasheria atasema kuwa mali ya umma iko chini ya Baraza la Jiji, basi mwenyeji ni baraza. Lakini baraza hilo, ambalo Septemba 2023 lilitoa ilani ya kisheria kuwa mapato yake hayatoshi kwa matumizi yake, laweza kumwaga zege na kusimamisha uzio, wala haliwezi kumsogelea mtoto mwenye haya likamwambia "karibu". Na hata lingekuwa na mali ya Karuni, neno hilo halinunuliwi.

Na wale waonao mchezo kuwa upuuzi usiostahili mizani ya dini, nawakumbusha hadithi mashuhuri, iliyopokewa na Bukhari na Muslim, ya Mahabeshi waliocheza na mikuki yao katika msikiti wa Mtume huko Madina, Bi Aisha akiwatazama. Umar alipotaka kuwazuia, Mtume aliamuru waachwe. Wale walikuwa watu wa ng'ambo ya bahari, na mahali palikuwa patukufu kuliko kiwanja chochote cha Birmingham; walakini aliye mkuu kuliko wote waliohudhuria aliutumia ukuu wake kuwalindia wachezaji nafasi yao. Hapo naona kuwa cheo cha mwenyeji hujulikana kwa upana wa nafasi anayowaachia wengine.

Yuko atakayepinga, tena kwa insafu, kwamba mahali pasipo mwenyewe aghalabu hutawaliwa na mwenye misuli, na wakubwa huwasukuma wadogo hata wakaondoka wakilia. Ni kweli, na ndiyo maana zamu ndiyo sharia ya pekee mahali kama hapo, na mlinzi wake hana budi kuwa yule aliyetangulia kufika. Huko Forodhani, Unguja, vijana wanaojirusha makachu kutoka ukutani mpaka baharini hufuatana mmoja baada ya mwingine. Aliyeruka mara nyingi hapati kwa hilo haki ya kuuhodhi ukuta, ila humlazimu kumwonyesha mgeni palipo na kina. Kutangulia, basi, ni deni.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na wengi huifanya methali hiyo kuwa kejeli ya kumharakisha mgeni aondoke. Mimi naiona kuwa heshima, kwa maana anayepewa jembe amekwisha kuhesabiwa miongoni mwa watu wa shamba. Na binti yetu alipewa lake siku ile ile ya kwanza, kwa sura ya zamu.

Wengi wetu tuishio Uingereza hujiita wageni miaka nenda miaka rudi, tukingoja mwenyeji atutoe katika ugeni kwa karatasi au kwa tabasamu. Karatasi ina kazi yake, na asiyekuwa nayo aujua uchungu wake. Lakini iko hali ya uenyeji isiyotolewa na ofisi yoyote, nayo humfikia mtu anapompisha mwingine. Mkwe wangu, aliyekuja akitafuta wa kumpigia hodi, alikwisha kusogea benchini akampa nafasi mama mmoja aliyefika nyuma yetu na watoto wake. Basi atakayeuliza ni lini atakuwa mwenyeji katika mji alioukuta una watu wake, na atazame kwanza ni nani amefika baada yake.