Kusitiri na Kuficha

Kiswahili kina maneno mawili ambayo mtu asiye makini huweza kuyadhania pacha: kusitiri na kuficha. Yote mawili ni kufunika. Lakini hakuna mzazi amwombeaye mwanawe maficho; humwombea sitara. Nguo ni sitara, mlango ni sitara. Hata jirani aliyesikia ugomvi wa usiku, akaamka asubuhi na kusalimia kana kwamba hakusikia kitu, naye ametoa sitara. Mwizi huficha, mla rushwa huficha. Swali linalonisumbua ni hili: mpaka wa mambo haya uko wapi pale ambapo kifuniko ni kile kile kimoja?

Swali hili nimelifikiria zaidi mahali ambapo pengine msomaji hakutarajia, yaani gereji, shemeji yangu alipokuwa akitengenezewa gari dogo alilotaka kuliuza.

Sakafu ya gari la kawaida ni bati jembamba, aghalabu lisilofika milimita moja. Likitikiswa na injini na barabara, hulia kama debe. Basi kiwandani hubandika juu yake mabamba ya lami, ambayo hulainika katika joto la tanuri la kukaushia rangi na kushikamana na bati. Lami ni nzito tena ina ulaini. Mtetemo ukiifikia hugeuka kuwa joto kidogo sana, na kelele hufa. Juu yake huja sponji au matambara yaliyoshindiliwa, kisha zulia. Hapo hamna udanganyifu wowote. Bati limesitiriwa, na abiria wanaweza kuzungumza bila kupayuka.

Tatizo huanza na maji. Mipira ya milango ikichakaa, au bomba la kutolea maji ya kiyoyozi likiziba, maji hupenya chini ya zulia na sponji huyashika. Juu pakavu, chini pamelowa. Lami ikiachia ukingo kidogo, unyevu huingia kati yake na bati, na kutu hula polepole pahali ambapo jua halifiki wala jicho. Dereva huendesha gari tulivu miaka na miaka. Utulivu aliopewa kwa nia njema ndio unaomnyima habari.

Kuibandua lami ni kazi ya adha. Wanaoweza kupata barafu kavu, yaani hewa ya kaboni iliyogandishwa kwa nyuzi 78 chini ya sifuri, huitandaza juu ya lami mpaka ikawa ngumu kama kioo, kisha huigonga kwa nyundo ikapasuka vipande. Ila sharti wafungue milango, maana hewa hiyo ikijaa humkosesha mtu pumzi. Fundi wetu hakuwa na barafu. Alikuwa na mashine ya kupuliza hewa ya moto, tindo butu, na subira. Alipasha, akainua ukingo, akapasha tena. Ule uchafu mweusi wa gundi uliobaki, unaonata kwenye vidole hata sabuni ikashindwa, aliufuta kwa matambara yenye mafuta ya taa, milango yote ikiwa wazi na ile mashine ya moto imezimwa na kuwekwa mbali. Zilikwisha siku mbili. Chini ya kiti cha dereva bati lilikuwa limeliwa kiasi kwamba tindo ilipenya ikatokea upande wa pili.

Fundi hakushangaa. Alisema kwa upole kabisa, "Bosi, tukiweka kiraka chepesi na lami mpya juu, hakuna atakayejua."

Lami hiyo ingekuwa kama ile ya kwanza, na utulivu ungekuwa ule ule. Kilichobadilika ni kwamba sasa palikuwa na anayejua na asiyejua, na asiyejua ndiye atakayekalia lile bati. Viti vya gari hufungwa kwa bolti kwenye sakafu. Siku ya ajali sakafu iliyooza haishiki kitu.

Katika mafundisho ya Kiislamu, yaliyoiachia lugha yetu neno sitara lenyewe, asitiriye aibu ya mwenzake huahidiwa kusitiriwa na Mungu. Lakini mafundisho hayo hayo yana kisa cha Mtume kupita sokoni, akatia mkono ndani ya lundo la nafaka, vidole vikatoka na unyevu. Mwenye mali akajitetea kwamba ilinyeshewa na mvua. Akaulizwa kwa nini basi hakuiweka juu watu wakaiona. Zamani niliyaona mafundisho haya mawili yakivutana. Sasa siyaoni hivyo. Aibu ya mwenzangu nikiinyamazia, aghalabu hakuna aliyepungukiwa. Nafaka mbichi ikinyamaziwa, yuko anayeilipia.

Shemeji alikuwa na hoja yake, nayo si ya kudharauliwa: yeye mwenyewe aliuziwa hivyo hivyo, kwa nini hasara ikomee kwake? Sikuwa na jibu la kumrudishia fedha zake. Hata hivyo alikata bati lililooza, akachomelea jipya, akapaka rangi ya kuzuia kutu, akaiacha sakafu wazi. Wawili walikuja wakatazama wakaondoka. Wa tatu aliingia na tochi, akagonga kila mshono, akashusha bei sana, kisha akaomba lami ibandikwe kabla hajalichukua gari, kwani mama yake huumwa kichwa kwa makelele. Fundi akaibandika jioni ile.

Gari, waama, ni jambo jepesi, kwa kuwa zulia huweza kuinuliwa na kurudishwa. Mimi hushindwa kwa yule jirani. Kama usiku ule yalikuwa maneno tu, salamu yake ya asubuhi ni sitara. Kama kilikuwa kipigo, yuko mtu ndani ya nyumba ile anayelipia ukimya wake, na adabu tuliyomsifia ni lami juu ya kutu. Lakini kutoka nje ya ukuta hawezi kujua ni lipi kati ya hayo mawili, mpaka abishe hodi. Na akibisha bure, amewavua wenzake sitara yao mbele ya mtaa mzima.