Upeo wa Bahari na Bakuli la Zebaki

Sekstanti haimwonyeshi mtu njia. Inapima pembe tu. Kioo chake kidogo huishusha nyota kutoka mbinguni hadi ikagusa mstari ambapo maji na mbingu hukutana, kisha nahodha husoma kwenye tao la shaba ni nyuzi ngapi ameishusha. Dakika moja ya pembe ni maili moja ya bahari, takriban mita 1,852. Bila ya mstari ule wa maji, kipimo hakina pa kuanzia.

Hilo lilijulikana kwetu kabla chombo hicho hakijabuniwa Uingereza katika karne ya 18. Manahodha wa Bahari ya Hindi walikuwa na kamali, kibao kidogo chenye uzi uliopigwa mafundo. Uzi ulishikwa kwa meno, ukingo wa chini wa kibao ukalazwa juu ya upeo wa bahari, wa juu ukatafuta nyota. Ahmad bin Majid wa Julfar, katika karne ya 15, aliifunga elimu hii ndani ya ushairi, ikiwamo tungo ndefu juu ya njia ya Sofala. (Wanaodhani kuwa shairi ni pambo la elimu na wafikiri tena: huyu alimkabidhi shairi roho za mabaharia.) Na kwa kuwa nyota ya Jaa huzama machoni mwa anayeshuka kusini ya ikweta, waliokuja pwani yetu walijifunza kutegemea nyota nyingine. Walijua pale ambapo kipimo chao kinakoma.

Fikra hizi zilinijia mbali na chumvi, huko Karatu, nilipokuwa njiani kwenda Ngorongoro. Mzee mmoja mwenyeji aliniuliza, "Mwanangu, huko kwenu kwenye maji matupu, mtu anajuaje alipo?" Nikamweleza habari za nyota na upeo kwa kadiri nilivyoweza. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Sawa. Na akishajua alipo, anamsalimia nani?" Nilicheka. Kesho yake, nikiwa juu ya ukingo wa kreta, sikucheka tena.

Kreta ile ina upana wa karibu kilomita 19, na kuta zake zinapanda kama mita 600 kutoka chini. Aliye ndani yake hana upeo. Kila upande ni ukuta. Lakini wasafiri wa karne ya 19 walikuwa wameshaitoa sekstanti baharini. Burton na Speke waliondoka Unguja mwaka 1857 wakiwa nazo. Kwa kuwa bara halina mstari wa maji, wasafiri wa namna hiyo walibeba zebaki ndani ya chupa, wakaimimina katika bakuli, na kuishusha nyota hadi ikakutana na kivuli chake humo. Pembe iliyosomwa ikagawanywa kwa mbili. Hata hivyo jua la adhuhuri la mwezi wa Machi, ambalo Ngorongoro husimama karibu kabisa na utosi, halipimiki kwa njia hiyo, kwani pembe yake maradufu hulipita tao la chombo. Msafiri hana budi kungojea usiku.

Hapa ndipo penye swali langu. Upeo wa bahari ni wa wote: nahodha, baharia na mvuvi huutazama mmoja. Upeo wa zebaki ni wa mwenye chupa. Amekuja nao, ataondoka nao, na waliosimama kando ya bakuli hawamo ndani yake.

Mwezi Machi 1892 Oscar Baumann, mchora ramani wa Austria aliyeanza safari yake Tanga, aliteremka ndani ya kreta ile. Sotoka ilikuwa imemaliza ng'ombe wa Wamaasai, na ndui ikafuata. Alikuta watu waliobaki mifupa, na wazazi waliokuwa tayari kuwatoa watoto wao ili wapate nyama. Ramani yake iliiweka Ngorongoro mahali pake duniani; njaa haikuwa na alama katika ramani. Insafu inanilazimisha kuongeza kwamba aliyaandika hayo kitabuni, na ni kwa kalamu yake tunayajua. Basi jicho lake liliona. Lakini lililoona lilikwenda kwenye kitabu, na lililopimwa likaenda kwenye ramani, na watawala hutumia ramani.

Mipaka ya hifadhi iliwekwa mwaka 1959. Tangu mwaka 2022 familia za Ngorongoro zimekuwa zikihamishiwa Msomera, wilayani Handeni, katika mkoa uleule wa Tanga ulikoanzia msafara wa Baumann. Wapo wanaosema wanyama na ardhi vilihitaji nafasi, na hoja hiyo ina uzito wake. Sitaki kuipuuza kwa sababu tu inasemwa na mwenye nguvu. Ninachouliza ni upeo gani uliotumika kupimia, na ulikuwa wa nani.

Nasi wa visiwani tusidhani kwamba habari hii ni ya bara. Baumann alirudi pwani, akawa konseli wa Austria-Hungaria hapa Unguja, akatoa maandishi na ramani za Mafia mwaka 1896, za Unguja mwaka 1897 na za Pemba mwaka 1899, mwaka aliofariki. Vijiji vyetu vimo humo, kila kimoja mahali pake. Nikivitazama namkumbuka yule mzee wa Karatu, na najiuliza ni nani kati ya wazee wetu aliyeamkiwa siku ile walipopimwa.