Je, Tusali Tukiwa Tumenuniana?

Oktoba ni mwezi wa Rozari, na huku kwetu Kiogoro ni majira ya bonasi ya majani chai pia. Pesa zikija, ugomvi huja nazo. Mume amenuna, mke kimya. Wengine husema kusali hivyo ni unafiki. Mimi sikubali. Tazameni Matendo ya Furaha: la tano ni Maria na Yosefu kumkuta Yesu hekaluni, baada ya kumtafuta siku tatu kwa uchungu. Kanisa limelihesabu kuwa furaha, uchungu wote ukiwamo! Basi anzeni hivyo hivyo na hasira zenu. Mmoja aanze Salamu Maria, mwenzake aitikie. Ni vigumu kumwitikia mtu usiyetaka kusema naye. Mara nyingi sauti hulegea kabla ya tendo la tatu. Kisha pesa zihesabiwe mezani, nyote wawili mkiona.