Ukipewa Mji

"Kitendawili!" "Tega!" Kabla ya televisheni kufika mkoa wa Katavi, vijiji vya Wabende, Wapimbwe na Wakonongo vilikuwa na waendesha vipindi wao, kila kabila na mwito wake. Wasikilizaji wakishindwa, mtegaji hudai mji. Nimesikia watoto wa Mpanda wakitoa Tabora, kwa kuwa ndiko treni yao inakoelekea. Mtegaji huupokea, hueleza alivyokwenda huko na kukirimiwa, kisha hutoa jibu. Zamu inaisha, mwingine anatega. Wazee walimpa mtegaji ukubwa wa kumiliki mji mzima, lakini hawakumruhusu kulala humo.

Kwenye vipindi vya maswali vya televisheni zamu haihami. Mtu mmoja huuliza wiki hadi wiki, mwaka hadi mwaka, na hapo ndipo tabia yake inapopimwa. Kwetu Tanzania Bara kazi hii bado ni changa; kituo cha ITV chenyewe kilianza 1994. Katika Afrika Mashariki, ninayemheshimu zaidi ni Mkenya John Sibi-Okumu, aliyewauliza maswali wanafunzi wa vyuo vikuu katika shindano lililoanza 2007 kwa jina la Celtel Africa Challenge, baadaye likaitwa Zain Africa Challenge. Alikuwa mwalimu wa Kifaransa, mwigizaji na msomaji habari. Ualimu, naamini, ndio uliomfaa kuliko yote, maana mwalimu amezoea kumsubiri anayetafuta jibu.

Wazee walijua pia ubaya wa mtegaji anayegeuza jibu mtoto akishalipata. Huyo hapewi mji tena. Marekani iliyaona hayo kwa kipindi cha Twenty-One, kilichoanza 1956. Jack Barry aliuliza maswali, na mshirika wake Dan Enright aliwapa baadhi ya washiriki majibu mapema. Siri ilipofichuka, Bunge la nchi hiyo lilisikiliza ushahidi mwaka 1959, na Barry akakaa takriban miaka kumi nje ya televisheni ya kitaifa. Watu hawakukasirikia fedha tu. Walikuwa wamekaa sebuleni na watoto wao wakihangaika kufikiri, kumbe jibu lilishatolewa.

Alex Trebek, Mkanada aliyeendesha kipindi cha maswali cha Jeopardy! tangu 1984 hadi kifo chake Novemba 2020, aliomba atambulishwe kuwa mwendesha kipindi, asiitwe nyota. Nyota, kwake, walikuwa washiriki. Mzee yeyote wa Mlele, huku Katavi, angemwelewa mara moja.

Lakini kuna jambo lililo gumu zaidi kwenye televisheni kuliko barazani. Kijijini ukimdhihaki aliyeshindwa, kesho mtakutana kisimani, na mama yake atakuuliza. Aibu ya mwenzako inakurudia kabla jua halijapanda. Mwendesha kipindi hakutani tena na aliyekosa swali. Mshiriki hupanda basi na kurudi kwao, ambako mtaa mzima umemwona. Kwa hiyo heshima ambayo kijiji kilimlazimisha mtegaji kuwa nayo, huyu wa studio lazima aje nayo mwenyewe kutoka nyumbani.

Vijana wa Katavi wanaoitamani kazi hii wanaweza kuianza leo, bila kamera. Shule zina chemsha bongo. Waombe kushika karatasi ya maswali, wasome kwa sauti inayosikika nyuma, wampe kila mtu muda uleule, na aliyekosa wamtaje kwa jina lake kamili anaporudi kuketi.