Amana ya Kilima Kimoja

Sifa zote njema ni za Allah, Muumba wa mbingu na ardhi na vyote vilivyomo. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, aali zake na maswahaba zake.

Ndugu zangu waumini, Ijumaa ya leo nataka niwazungumzie kiumbe ambacho wengi wetu hatujapata kukisikia. Kaskazini-magharibi mwa Afrika Kusini, karibu na mji mdogo wa machimbo uitwao Aggeneys, kuna kilima cha mawe. Katika kilima hicho, kwenye changarawe nyeupe ya kwatzi, huota mmea ambao wataalamu wanauita Conophytum burgeri. Zunguka dunia nzima, hutaukuta ukiota wenyewe mahali pengine. Wapenzi wa mimea wameupa jina la kitunguu cha Burger.

Ukiinama kuutazama unaona kitufe cha mviringo, upana wake sentimita mbili au tatu tu. Hauna shina la kuonekana wala matawi, na ngozi yake ni nyororo, inapitisha mwanga. Kumbe kile kitufe ni majani mawili yaliyoungana hata mshono wake hauonekani, ila kitundu kidogo mno juu kabisa, na hapo ndipo ua hutokea. Rangi yake ni kijani, na ukame ukizidi huwa nyekundu.

Sasa tazameni riziki yake. Jangwa lile mvua ya mwaka mzima mara nyingi haifiki milimita 150, wakati Dar es Salaam mwaka wa kawaida hupata zaidi ya milimita 1,000. Kiangazi kinapowaka, mmea haupigani nacho. Ndani ya kitufe cha zamani huumbika kitufe kipya, kikanyonya maji ya kile cha kwanza taratibu, mpaka mzee yule akabaki ganda kavu mfano wa karatasi. Na ganda hilo halidondoki. Linamfunika mtoto, linamkinga na jua miezi yote ya joto. Mvua za kwanza zikija, linapasuka, na kijani kipya kinatokeza.

Mimea ya ukoo huu hufungua vitundu vyake vya kuvuta hewa usiku, ili isipoteze maji mchana. Mbegu nazo zimewekewa mlango. Kidonge cha mbegu kikiwa kikavu kimefungwa; tone la mvua likikiangukia kinafunguka, na matone yanayofuata yanazirusha mbegu pembeni. Hakuna mbegu itakayotoka siku isiyo na maji. Subhanallah! Ni nani aliyekipa kidonge hicho, kisicho na jicho wala akili, habari za mvua? Surat Al-An'am inatufundisha kwamba hakuna jani linaloanguka ila Allah analijua, wala punje iliyo katika giza la ardhi. Tunaisoma aya hiyo tukiufikiria mwembe wa uani. Imeugusa na mmea wa Aggeneys.

Lakini, enyi waja wa Allah, kiumbe huyu anaibwa. Tangu mwaka 2019 mimea midogo ya majangwa ya Afrika Kusini inang'olewa kwa magunia, na hasa jamii hii ya Conophytum. Mamlaka za huko zimeshakamata mimea zaidi ya milioni moja. Inapakiwa kwenye maboksi yaliyoandikwa kuwa ndani mna vitu vingine, inapelekwa ng'ambo kwa watu wanaoipanga dirishani na kuipiga picha. Inayokamatwa hupelekwa kwenye bustani za mimea, na mingi hufa hapo hapo. Kuirudisha jangwani nako si jambo jepesi: nani anajua mmea huu ulitoka kilima gani, au umebeba ugonjwa gani njiani? Mwaka 2022 serikali ya Afrika Kusini ilitoa mkakati wa taifa wa kupambana na biashara hiyo. Ni jambo jema, ila askari hawezi kukesha juu ya kila jiwe.

Mtu anaweza kusema: shekhe, hivi ni vijimea tu. Huko ndiko shetani anakopitia. Abu Hurayra, radhi za Allah ziwe juu yake, amepokea kutoka kwa Mtume (S.A.W.) kisa cha nabii mmoja aliyeumwa na sisimizi, akaamuru mji wao wote uchomwe moto. Allah akamlaumu: kwa kuumwa na sisimizi mmoja umeangamiza umma katika nyumati zinazomsabihi? Nabii kalaumiwa kwa ajili ya sisimizi! Na Surat Al-Israa imetuambia kwamba hakuna kitu ila kinamsabihi Mola wake, sisi tu ndio hatufahamu tasbihi zao. Basi anayefagia kilima ambacho mmea hauna kwingine pa kuota, kazima tasbihi ya umma mzima.

Wala msimlaumu anayeing'oa mimea hiyo peke yake. Wengi wanaoinama kung'oa ni watu wasio na kazi, na wanacholipwa ni kidogo sana ukilinganisha na bei ya mwisho huko ng'ambo. Mzigo mkubwa zaidi, kwa mtazamo wangu, uko kwa mnunuzi mwenye shibe, anayejua au aliyekataa kuuliza. Mali ya wizi haitakasiki kwa kubadilisha mikono mitano.

Na sisi wa Afrika Mashariki jambo hili linatuhusu. Ua la Usambara, lililopelekwa Ujerumani karibu na mwaka 1892, leo linauzwa madukani dunia nzima, ilhali ndugu zake wa porini wamebaki kwenye miamba yenye kivuli, katika vipande vya misitu ambavyo tunaendelea kuvikata kwa mashamba na kuni.

Kupenda mimea si dhambi. Ni sunna kupanda, na Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa anachokula ndege au mnyama katika alichopanda Muislamu huandikwa sadaka. Hata mimea hii midogo inaoteshwa kwa mbegu vitaluni, na aliyeiotesha anauza halali yake. Kwa hiyo ukisimama mbele ya muuzaji, au ukimwandikia kwenye simu, muulize: huu umeoteshwa kwa mbegu au umetolewa porini? Nani ameuotesha? Mwenye haki atakujibu kwa furaha, tena atakuonyesha na miche. Anayebabaika, tumeshafundishwa la kufanya na lenye shubha: muachie mmea wake, mtakie heri, ondoka.

Wabillahi tawfiq.