Uzuri wa Mkakasi

Siku ya saba baada ya mdogo wangu kujifungua, wanawake wa ukoo walikuja kumwona mtoto. Shangazi mmoja akampokea, akamfunua kitambaa kichwani, akakunja sikio dogo kwa kidole na kulitazama kwa nyuma. Kisha akatazama mashina ya kucha. "Mh! Huyu ataiva awe mweusi, nawaambia. Kamfuata baba yake." Wengine wakaguna kwa huruma, utadhani limeletwa jibu baya la hospitali. Mtoto alikuwa na kilo tatu na nusu na kilio cha kujaza chumba. Hakuna aliyeuliza kama ananyonya.

Bibi yetu, aliyekuwa amekaa mkekani, alitamka maneno machache tu: "Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti." Akamnyooshea mama wa mtoto kikombe cha uji, mazungumzo yakaishia hapo.

Mkakasi ni kikopo kidogo cha mti kilichochongwa mviringo, kikapakwa rangi na kutiwa nakshi, cha kuwekea manukato au vitu vya thamani. Siku hizi wengi wanaijua methali bila kukijua chombo chenyewe. Nao humtupia methali hiyo binti mrembo asiye na adabu, au kijana mtanashati asiyelipa madeni: nje anavutia, ndani hana kitu. Maana hiyo ni sahihi, lakini siku ile niliisikia kwa namna nyingine. Mkakasi haujadanganya mtu. Mti haukujipaka rangi wala haukujisifu. Rangi imepakwa na mkono wa fundi, na aliyebabaika nayo ni mtazamaji. Kosa linalosemwa na methali ni la jicho. Isitoshe, haikutaja rangi gani. Uwe mwekundu, mweusi au wa dhahabu, ukikwangua unakutana na mti.

Na mwili wa binadamu ndivyo ulivyo. Tabaka la juu la ngozi, ambamo rangi yetu hukaa, katika sehemu nyingi za mwili lina unene wa kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Seli zinazotengeneza melanini hazipishani sana kwa idadi kati ya mtu mweusi na mweupe. Kinachotofautiana ni wingi na aina ya melanini yenyewe. Mwaka 2017 ulitoka utafiti wa jeni za rangi ya ngozi uliohusisha watu wa Tanzania, Ethiopia na Botswana. Ulionyesha kwamba jeni za weusi na za weupe zote zimo Afrika tangu zamani mno. Kwa hiyo hata hilo neno "mweusi" tunalomwekea Mwafrika limebana watu wasiofanana.

Lakini sitaki kuishia kwenye sayansi, maana shangazi yangu hakukosa sayansi. Kinachonisumbua ni hiki. Mtaa mmoja unaweza kuwa na duka linalouza mkorogo, na wanawake wakajichubua kwa krimu zenye zebaki na haidrokwinoni, viambato vilivyopigwa marufuku nchini Tanzania kwa sababu vinaharibu ngozi, na zebaki hufika hadi kwenye figo. Wanafanya hivyo ili waitwe weupe. Mtaa huohuo, akizaliwa mtoto mwenye ualbino, ambaye mwili wake hautengenezi melanini ya kutosha, watu hunong'ona juu ya laana, na baba mwingine humkimbia mkewe. Hapa kwetu tumefika pabaya kuliko kunong'ona. Katika miaka ya 2000, hasa Kanda ya Ziwa, watu wenye ualbino waliwindwa, wakauawa na kukatwa viungo kwa sababu waganga waliwaaminisha wateja kwamba viungo hivyo huleta utajiri. Siwezi kuliandika jambo hili bila moyo kuniuma.

Basi weupe ni kitu gani, ikiwa mmoja anaununua kwa fedha na mwenzake anauawa kwa ajili yake? Rangi yenyewe haijasema neno. Sisi ndio tunaoichorea nakshi: hii ya heshima, hii ya mkosi. Ndiyo maana nilifurahi sana mwaka 2010, wapiga kura wa Lindi Mjini walipomchagua Salum Barwany, mtu mwenye ualbino, awe mbunge wao.

Wapo watakaosema ugonjwa huu wa kupimana kwa rangi tuliletewa na mkoloni. Nusu ya maneno hayo ni kweli. Dar es Salaam ilipangwa ikawa na Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi kuitenga Kariakoo ya Waafrika na mitaa ya Wahindi. Katika uchaguzi wa 1958 na 1959, kila mpiga kura wa Tanganyika alitakiwa achague watu watatu: Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Mtu alihesabiwa kwa nakshi ya nje hata kwenye karatasi ya kura. Ila pwani yetu ilijua kuwabagua waungwana na watwana kabla Mjerumani hajatia nanga. Jicho hili tulikuwa nalo. Mkoloni akalitungia sheria.

Sheria ilipofika mikononi mwetu, tulijaribiwa. Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru, wapo wabunge waliotaka uraia uwe wa Waafrika peke yao. Mwalimu Nyerere alikataa katakata, akasema serikali yake iko tayari kujiuzulu kuliko kuufunga uraia kwenye rangi. Kwa wakati ule haukuwa msimamo mwepesi, kwani wananchi wengi walikuwa na machungu ya haki dhidi ya waliowadharau. Amir Jamal, mzaliwa wa Mwanza mwenye asili ya Kihindi, baadaye aliishika wizara ya fedha ya nchi hii kwa miaka mingi. Hata hivyo, hadi leo mjukuu wa mfanyabiashara wa Kihindi aliyezaliwa Tanga huulizwa, "Kwenu hasa ni wapi?" Nami nimewahi kuuliza hivyo. Aliyejibu alinitajia mtaa wake wa Tanga, akanyamaza, nikaona aibu iliyonikaa muda mrefu.

Yule mtoto sasa yuko darasa la tatu. Ameiva kweli, kama shangazi alivyoagua. Anapenda hesabu na hapendi kuamshwa mapema. Nikienda kumwona mzazi mwingine aliyejifungua, mikono ya wageni huwa bado inayatafuta masikio ya mtoto. Mimi humwinamia mama yake kwanza, nikamuuliza kama mtoto ananyonya vizuri, na kama yeye mwenyewe amelala.